Mpasuaji na Tawi Lake

Kazi zote za binadamu zina mlango wa kuingilia, lakini ni chache zenye milango mingi ndani ya mlango kama ilivyo kazi ya upasuaji. Kijana akiisha kuitwa daktari, watu wa kwao hudhani kuwa amefika mwisho wa safari. Yeye mwenyewe anajua kuwa amefika njia panda. Mbele yake pana upasuaji wa jumla, wa mifupa, wa ubongo na mishipa ya fahamu, wa watoto, wa njia ya mkojo, wa moyo na kifua, wa masikio, pua na koo, na ule wa kurekebisha maumbile. Kando ya hayo, kwa kuwa nayo hushika kisu, imesimama kazi ya magonjwa ya akina mama na uzazi. Hana budi kuchagua mlango mmoja, na kila mlango aupitao humfungia mingine. Uchaguzi huo hufanywa na mtu mmoja, aghalabu usiku, na aghalabu katika uchovu. Lakini matokeo yake huwafikia maelfu ya watu ambao hawakuulizwa neno.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Mwanza. Mji huo umejengwa juu ya mawe, na juu ya kimoja cha vilima vyake, Bugando, imesimama hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi ya Kanisa Katoliki. Mwaka 1972 ilitwaliwa na serikali. Mwaka 1985 ilirudishwa mikononi mwa Kanisa, na tangu hapo pande hizo mbili zimeshirikiana katika kuiendesha. Mtu akisimama kilimani huliona Ziwa, ambalo ukubwa wake ni kilometa za mraba 68,000 na zaidi, na pwani yote ya Tanzania huleta wagonjwa wake hapo: Mara, Kagera, Geita, na visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome, kadhalika bara ya Simiyu na Shinyanga. Mwaka 2003 chuo cha udaktari kilianza kilimani hapo hapo chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na leo ni chuo kikuu cha Kikatoliki cha sayansi za afya chenye kujitegemea, kijulikanacho kwa herufi CUHAS. Kwa hiyo darasa na wodi ni majirani, na mwanafunzi hahitaji kwenda mbali kuyaona maradhi aliyoyasoma asubuhi.

Njia yenyewe ni ndefu. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5. Katika miaka ya mwanzo mwanafunzi husoma maumbile ya mwili na kazi za viungo vyake. Baadaye huingia wodini, hukaa wiki kadhaa katika idara hii na wiki kadhaa katika idara ile. Akiisha kufaulu hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, akizunguka katika tiba ya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Ndipo husajiliwa na kuruhusiwa kutibu peke yake. Ubingwa huja baada ya hayo, na una njia mbili. Moja ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu. Ya pili ni ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999. Chuo hicho hakina kuta: mwanafunzi wake hubaki kazini katika hospitali iliyoidhinishwa ya nchi mwanachama, hufundishwa na mabingwa waliopo hapo, kisha hukutana na wenzake wa nchi nyingine siku ya mtihani. Kwa njia yoyote, kijana aliyeanza chuo akiwa na miaka 20 aweza kuwa amepita 30 kabla ya kuitwa bingwa.

Je, katika safari hiyo ndefu, uchaguzi wa tawi hufanyika lini, na kwa sababu gani? Wengi hujibu kuwa hufanyika kwa wito. Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi, maana wito nao hauna budi kuitwa na sauti fulani. Mtazame mwanafunzi wa mwaka wa tatu aingiaye chumba cha upasuaji kwa mara ya kwanza. Amevaa kofia na barakoa, ameosha mikono mpaka kiwikoni, na amepewa kazi ya kushika vyuma viachanishavyo midomo ya jeraha. Atavishika saa mbili au tatu. Aghalabu haoni kitu, kwa kuwa kichwa cha mpasuaji kimeziba mwanga. Miguu humwuma, na pengine damu humlegeza magoti. Kama katika saa hizo mwalimu amegeuka na kumwambia, "Tazama hapa, daktari, huu ndio mshipa uliokuwa ukivuja," na kumwachia afunge fundo moja la uzi, basi kijana huyo hutoka akiwa mtu mwingine. Kama mwalimu amemkaripia mbele ya wauguzi kwa sababu mkono wake ulitetemeka, yamkini hatarudi tena kwa hiari yake. Fundo moja la uzi limewapa hospitali wapasuaji wengi, na karipio moja limewanyima wengine; wala hapana kitabu kinachoandika hesabu ya hao waliopotea.

Hii ndiyo sababu ya kwanza, nayo ni mwalimu. Mwanafunzi hulitamani tawi ambalo amemwona mtu akilifanya vizuri. Palipo na bingwa mmoja wa mifupa mwenye subira, hutoka wanafunzi wa mifupa. Mahali pasipo na bingwa wa moyo, hapana atakayeota ndoto ya moyo isipokuwa aliyeisoma vitabuni. Nchi hupata wapasuaji wa namna ile iliyowaonyesha vijana wake.

Sababu ya pili ni heshima. Watu wana desturi ya kuyapanga matawi kama ngazi. Ubongo na moyo vimewekwa juu, ngiri na busha vimewekwa chini, kana kwamba mtu mwenye ngiri iliyojinyonga haumwi sana. Yamkini kijana wa Nansio, akirudi Ukerewe likizo, huulizwa na mzazi wake baada ya kuamkiana:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekwisha kuwa daktari. Sasa wasomea nini tena?"

"Nasomea upasuaji, mama."

"Wa nini?"

Swali hilo la mwisho halina hila, lakini huchoma. Kijana akijibu kuwa ni wa ubongo, majirani watatikisa vichwa kwa mshangao. Akijibu kuwa ni wa jumla, watasubiri amalizie maneno. Heshima si jambo la kudharauliwa, maana mtu hawezi kufanya kazi ngumu maisha yake yote bila kuheshimiwa. Lakini heshima hutolewa na watazamaji, na watazamaji hawapo saa nane ya usiku.

Sababu ya tatu ni riziki. Wengi wamesoma kwa mkopo na wana wadogo zao wa kusomesha. Masomo ya ubingwa yanahitaji ada na miaka ya kuishi kwa kipato kidogo, na hutokea kijana akachagua tawi kwa sababu ufadhili ulipatikana katika tawi hilo mwaka huo. Wengine hulitazama tawi ambalo jioni laweza kufanyiwa kazi katika hospitali ya binafsi mjini. Haifai kuwahukumu kwa wepesi. Mwenye njaa hahubiriwi saumu. Walakini yafaa kusemwa wazi kuwa fedha nayo ni mwalimu, na kwamba imewafundisha wengi bila wao kujua kuwa wako darasani.

Sababu ya nne huwahusu wasichana zaidi. Wamekuwa wakiambiwa kuwa upasuaji ni kazi ya nguvu, hasa wa mifupa. Kwamba zamu za usiku hazipatani na ndoa. Kwamba uzazi ndio mahali pao. Hesabu ya wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Hapana mtu aliyethibitisha kuwa vidole vya mwanamke ni vizito kuliko vya mwanamume. Fundi cherehani na msusi wa ukili wangeshangaa kusikia hivyo. Basi uchache huo umetokana na maneno waliyoambiwa, na maneno yaweza kubadilishwa.

Hesabu hiyo hiyo ilikuwa na mambo mengine ya kufikirisha. Wapasuaji waliohesabiwa katika eneo hilo walikuwa 1,690, yaani kama nusu ya mpasuaji kwa kila watu 100,000. Zaidi kidogo ya nusu yao, asilimia 53, walikuwa wapasuaji wa jumla. Na asilimia 64 walifanya kazi katika mji mkuu wa biashara wa nchi zao. Tanzania, mji huo ni Dar es Salaam, mbali na Ziwa. Kumekuwa na kilio cha muda mrefu kwamba mabingwa hukimbilia ng'ambo. Kilio hicho kina ukweli wake, lakini utafiti mwingine wa eneo hilo, uliowafuatilia wapasuaji waliohitimu tangu mwaka 1974 hadi 2013, uliona kuwa zaidi ya wanane katika kila kumi walibaki katika nchi walizofundishwa. Hawakupotea baharini, walipotea mjini. Mgonjwa wa Ukara hanufaiki sana kwa kuambiwa kuwa mpasuaji wake hakwenda London, ikiwa mpasuaji huyo yuko Dar es Salaam.

Hapa ndipo uchaguzi wa tawi unapoonyesha uso wake wa kweli. Kuchagua tawi ni kuchagua mahali. Mpasuaji wa ubongo ahitaji mashine ya kupiga picha za kichwa, darubini, mtoa nusu kaputi mwenye ujuzi wa kazi hiyo, chumba cha wagonjwa mahututi, na umeme usiokatika. Vitu hivyo havipo katika hospitali ya wilaya, wala havitakuwapo kesho asubuhi. Kwa hiyo kijana aliyechagua ubongo amechagua pia mji mkubwa, hata kama moyo wake uko kijijini. Mpasuaji wa jumla aweza kufanya kazi Sengerema au Nansio, kwa kuwa vifaa vyake ni vichache na maradhi yake yako kila mahali. Watu husema mchagua jembe si mkulima. Lakini katika kazi hii jembe ndilo linaloamua shamba.

Ili kuelewa uzito wa neno hilo, yafaa kuyatazama maradhi yenyewe yanayoingia kwa mlango wa Bugando. Huja kijana mwenye homa ya matumbo, ambayo baada ya wiki kadhaa imetoboa utumbo wake. Tumbo limekuwa gumu kama ubao, na uchafu umemwagika ndani. Dawa peke yake haitoshi. Lazima afunguliwe, aoshwe, na tundu lizibwe au kipande cha utumbo kikatwe. Maradhi hayo huenezwa kwa maji na vyakula vichafu, na ni jambo la huzuni kwamba watu waishio ukingoni mwa maji mengi huugua kwa kukosa maji safi. Huja dereva wa bodaboda ambaye mfupa wa mguu wake umetokeza nje ya ngozi. Huja mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita aliyeangukiwa na kifusi. Huja mtoto aliyeangukia sufuria ya uji wa moto. Huja mwanamke aliyepata uchungu wa uzazi siku mbili bila msaada, mtoto akafa, na mwanamke akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kukoma na jamaa wakimwepuka. Huja watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Huja mzee aliyezibwa mkojo na tezi dume. Na wengi wao huja wamechelewa, kwa kuwa njia ni ndefu na nauli ni kubwa, au kwa kuwa wameanza kwa mwunga mifupa wa jirani.

Njia hiyo imefupishwa kidogo. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa kutoka upande wa Sengerema na Geita lilingojea kivuko ili livuke ghuba ya Mwanza. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3. Hiyo ni neema kubwa. Lakini daraja humleta mgonjwa kwa mpasuaji. Halimpeleki mpasuaji kwa mgonjwa, wala halifiki visiwani. Katika maradhi kama utumbo uliotoboka au uchungu uliokwama, saa ndizo zinazoua.

Mwaka 2015 tume ya kimataifa ya upasuaji iliyoundwa na jarida la Lancet la Uingereza ilisema kuwa watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama kwa wakati na kwa gharama wanayoiweza. Tume hiyo ilichagua kazi tatu ziwe kipimo cha hospitali ya wilaya: kufungua tumbo, kumtoa mtoto kwa operesheni, na kutibu mfupa uliovunjika na kutokeza nje. Hospitali iwezayo hizo tatu, ilisema, yaweza kwa kawaida kuyaweza mengi mengine. Tanzania nayo ilitoa mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na nusu kaputi mwaka 2018. Tazama kazi hizo tatu: zinagusa upasuaji wa jumla, uzazi, na mifupa. Hapana hata moja iliyo juu kabisa ya ile ngazi ya heshima.

Yafaa pia kuwakumbuka wale waliozifanya kazi hizo bila kuulizwa wamechagua tawi gani. Tangu miaka ya 1960 Tanzania iliwafundisha madaktari wasaidizi, watu waliopanda kutoka uganga wa chini kwa uzoefu na masomo mafupi, na kuwaruhusu kushika kisu. Utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya operesheni za uzazi katika wilaya ilifanywa nao, na kwamba matokeo ya kazi yao hayakupungua kwa dhahiri kuliko ya madaktari wenye shahada. Akina mama wengi wa pwani hii wako hai kwa mikono ya watu ambao hawakupata jina la ubingwa. Mwanafunzi anayehesabu ngazi za heshima angefaa kuanza hesabu yake hapo.

Je, basi ni haki kusema kuwa kila kijana achague upasuaji wa jumla na kwenda wilayani? La, maana hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho huwatupa watu wengine. Mtoto mwenye maji kichwani hawezi kutibiwa na mpasuaji wa jumla vizuri kama na aliyejifunza kazi hiyo. Jambo hili lina kielelezo upande wa pili wa Ziwa, katika nchi jirani ya Uganda. Mwaka 2000 Mmarekani Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo wa watoto, alikwenda kufanya kazi Mbale, mashariki ya nchi hiyo. Tiba ya kawaida duniani ilikuwa kuweka mrija wa kutoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija huo huziba, na ukiziba mtoto hana budi kufikishwa hospitali upesi, au hufa. Warf aliona kuwa mtoto wa kijijini hawezi kufika upesi. Alitumia chombo chembamba chenye taa, akatoboa njia nyingine ya maji ndani ya ubongo wenyewe, na akaunguza tishu zinazoyatengeneza maji hayo, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa. Ujuzi huo, uliozaliwa kwa sababu ya ubovu wa barabara, baadaye ulifuatwa hata Marekani. Hapa tawi jembamba kabisa lilimtumikia mtu wa mbali kabisa, kwa kuwa aliyelishika alimwuliza mgonjwa anakaa wapi.

Kielelezo kingine ni cha zamani zaidi, nacho ni cha pwani ya kaskazini ya Ziwa hili hili. Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, na akiwa mtoto wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusoma uhandisi kabla ya kugeukia udaktari. Mtu wa jicho moja hakudhaniwa kuwa atafaa kushika kisu, lakini alikuwa mpasuaji, na mwaka 1946 aliingia kazini Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, tabibu mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyevimba taya zote mbili. Muda si mrefu, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alianza kuuliza. Mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe huo, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, kama kilometa 16,000, wakipita hospitali kwa hospitali kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, ili kujua maradhi hayo yanapatikana wapi na yanakomea wapi. Waliona kuwa yanafuata joto na mvua. Mwaka 1964 wataalamu wa Uingereza walikuta kirusi katika chembe za uvimbe huo. Burkitt mwenyewe alikwisha kuona kuwa kisu hakiuwezi. Aliwatibu watoto kwa dawa, na wengine wao walipona.

Uvimbe huo bado huonekana kwa watoto wa mikoa ya Ziwa, na bado hutibiwa kwa dawa. Fundisho lake kwa mwenye kuchagua tawi ni kwamba mpasuaji huyu alifanya kazi yake kubwa kuliko zote siku alipokiri kuwa tawi lake halitoshi. Kama angeyaheshimu mipaka ya tawi kuliko uso wa mtoto, angekata taya, akaandika katika daftari kuwa mgonjwa amekufa, na kesho yake akaendelea na zamu. Tawi ni nyumba ya kukaa; lisiwe gereza.

Kwa hiyo matawi mapana na membamba yote yana haki, na swali lililo bora si lipi lililo juu. Liko swali jingine ambalo wanafunzi hawaulizwi mara nyingi, nalo lingewasaidia kuliko hotuba nyingi: siku ya kawaida ya tawi hili ikoje? Kila tawi lina maajabu yake, na maajabu ndiyo yanayoonyeshwa wageni. Lakini maajabu hayaji kila siku. Mpasuaji wa mifupa ana siku nyingi za kunyoosha miguu iliyounga vibaya na kusafisha majeraha yanayonuka. Mpasuaji wa njia ya mkojo ana mipira ya mkojo na wazee wenye haya. Anayetibu majeraha ya moto ana vilio vya watoto wakati wa kubadilisha bendeji, siku baada ya siku, mwezi mzima. Anayetibu fistula hukaa na mwanamke ambaye pengine operesheni ya kwanza haikufaulu, na hana budi kumwambia kwa upole kuwa itajaribiwa tena. Mpasuaji wa ubongo huwaambia wazazi maneno mazito mara nyingi kuliko wenzake wote. Anayeweza kuipenda siku ya kawaida ya tawi fulani, na kuvumilia siku yake mbaya, huyo amelipata tawi lake. Aliyependa maajabu tu ataishi akiyangojea, na wagonjwa wa kawaida watamwona kama mtu aliyekerwa na kuja kwao.

Swali la pili ni hili: nikiiacha kazi hii, nani ataifanya? Kijana wa Ukerewe akijiuliza hivyo, hapana sheria inayomlazimisha jibu. Yamkini atakuta kuwa kuna wengi wanaokimbilia tawi alilolitaka, na hapana aliye tayari kwa lile lililo karibu na kwao. Yamkini atakuta kinyume chake, kuwa mkoa mzima hauna mtu wa tawi jembamba alipendalo, na kwamba wajibu wake ni kulifuata mpaka mwisho na kurudi nalo. Katika hali zote mbili uchaguzi wake utakuwa umemhesabu mtu mwingine asiyekuwapo chumbani, naye ni mgonjwa.

Lakini si haki kumtwika kijana peke yake mzigo ambao taifa zima halijaubeba. Ukimtaka mpasuaji akae wilayani, mpe mtoa nusu kaputi, maana kisu bila usingizi ni mateso. Mpe damu ya akiba, taa isiyozimika, uzi, na muuguzi aliyefundishwa. Mpe mwenzake mmoja, ili apate kulala. Mpe nyumba, na shule ya watoto wake. Asiachwe mpaka asahau ujuzi wake, bali aitwe mara kwa mara kilimani kujifunza mapya. Na wanafunzi wapelekwe wilayani mapema, wakae na mpasuaji mwema wa huko, waone kazi yake siku ya soko na siku ya mvua. Ikiwa ni kweli kwamba kijana hulitamani tawi alilomwona mtu akilifanya vizuri, basi mahali pasipoonekana hapatachaguliwa, na kulaumu baadaye ni kazi bure.

Jioni, madirisha ya Bugando huwashwa taa mapema kuliko nyumba za mitumbwini, na wavuvi wa dagaa nao huwasha taa zao majini. Katika moja ya vyumba hivyo huenda kijana ameketi mbele ya karatasi ya maombi, na mahali pa kujaza tawi pako wazi. Karatasi haiulizi anataka kusifiwa na nani, wala haiulizi atakaa wapi. Ameachiwa maswali hayo ayajibu mwenyewe. Na majibu yake yatasomwa, miaka mingi baadaye, katika tumbo la mtu atakayekuwa amefikishwa kwa wakati, au hakufikishwa.